Somo la Nguo ya Idi na Deni Lake

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, somo hili ni la matumizi ya Idi. Idi ni siku ya furaha, na furaha yake ni ibada. Kumpamba mtoto siku hiyo si makosa. Makosa ni kumpamba kwa thamani ya chakula chake mwenyewe.

HALI ILIVYO. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote. Mwaka 2024 Idil-Fitri iliangukia Aprili 10, na mwaka 2025 Machi 31. Katika nyanda za Mbeya na Iringa mvua ni ya msimu mmoja: mahindi hupandwa Novemba na Desemba, yakavunwa kuanzia Juni. Basi Idi hizo zilifika mazao yangali shambani na ghala zimepungua. Mwenye watoto watano atakaye kanzu, magauni na viatu vipya atavipata wapi? Wa mjini hukopa fedha za riba, ambazo watu wenyewe wameziita kausha damu. Wa shamba huuza mazao yangali machanga. Huko Kyela biashara hiyo huitwa njuruku. Mnunuzi hutoa kidogo leo, akaja kuchukua kingi siku ya mavuno. Nguo huchakaa, na gunia lililokwenda ndilo lililokuwa chakula cha miezi ya njaa ijayo. Majirani Wakristo nao huonja uchungu huo: Krismasi huwafikia wakati wa kununua mbegu na mbolea.

HUKUMU. Kwanza, sunna ya Idi ni kuvaa nguo bora aliyo nayo mtu, wala haikushurutishwa kuwa mpya.

Pili, Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake. Na aazimaye gunia moja kwa sharti la kurudisha mawili ameingia katika riba.

Tatu, deni si jambo jepesi. Mtume alijizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile.

MAZINGATIO. Zakatul-Fitri ni wajibu, nayo ni pishi ya chakula kwa kila kichwa. Hata hivyo, asiyebakiwa na kitu baada ya chakula chake na cha watu wake usiku wa Idi na mchana wake, sheria imemsamehe. Ikiwa Mwenyezi Mungu amemsamehe maskini pishi ya faradhi, ni nani aliyemfaradhishia kanzu mpya? Si sheria, ni macho ya watu.

YAPASAYO. Mwenye nyumba na atenge debe la Idi siku ya mavuno, si siku ya mwandamo. Mwenye mali asiwasifu watoto kwa upya wa nguo mbele ya wenzao wasio nazo, na pishi yake iwafikie maskini kabla ya sala. Na mama afuaye kanzu ya mwaka jana, akaipiga pasi na kumvika mwanawe, ajue kuwa ametimiza sunna, na ghala yake imesalimika.

Wallahu aalam.