Mtumishi wa Kanisa Naye ni Mwajiriwa: Fedha za Usharika na Mafao ya Wanaoutumikia

Somo hili linawahusu watu wa makundi mawili ambao mara nyingi huketi katika benchi moja siku ya Jumapili. Kundi la kwanza ni waumini wanaotoa sadaka na kuchagua wazee wa kanisa na mhazini. Kundi la pili ni wale wanaolipwa kutokana na sadaka hiyo: mlinzi wa usiku, mhudumu wa usafi, katibu muhtasi, dereva, mwalimu wa chekechea na mwinjilisti. Tunatumia neno usharika kwa kuwa limezoeleka, lakini tunayoyaeleza yanaihusu pia parokia, kanisa la mahali lisilo na dayosisi, na hata msikiti wenye mlinzi na mhudumu.

Tuanze na swali ambalo huulizwa mara nyingi kuliko mengine: je, mtu anayelipwa "posho" na kanisa ni mwajiriwa? Wazee wengi wa kanisa hudhani kwamba jina la malipo ndilo linaloamua. Sivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata sifa moja kati ya zilizotajwa humo inamhusu. Miongoni mwake ni kwamba namna anavyofanya kazi au saa zake za kazi hupangwa na mwingine. Kwamba amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwamba anamtegemea mtu huyo kiuchumi. Au kwamba hupewa naye vifaa vya kazi. Mlinzi anayelinda kanisa usiku kucha hutimiza saa 45 kabla wiki ya kwanza haijaisha. Kumwita "mtumishi wa Mungu anayejitolea", huku akipangiwa zamu na kukatwa posho akichelewa, hakubadilishi hali yake mbele ya sheria.

Kwa mchungaji au padri jibu halina sura moja. Hutegemea katiba ya kanisa husika, barua ya uteuzi, na ni nani anayemlipa. Katika makanisa yenye dayosisi, mara nyingi mchungaji hulipwa au kusimamiwa na dayosisi, na michango yake hupitia huko. Mchungaji wa kanisa la kujitegemea anaweza kujiandikisha mwenyewe katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, kama mtu aliyejiajiri. Hatutakaa zaidi hapo, kwa sababu wanaoumia zaidi kwa kawaida si wachungaji.

Mshahara wa shilingi 400,000 hugharimu kiasi gani?

Tuchukue mfano wa usharika wenye waajiriwa wanne, mmoja wao akiwa katibu muhtasi anayelipwa mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mwajiriwa zaidi ya asilimia 10. Wakigawana sawa, katibu atakatwa shilingi 40,000 na usharika utaongeza shilingi 40,000 nyingine kutoka mfukoni mwake. Kodi ya mapato hukokotolewa baada ya kuondoa mchango wa mwajiriwa, hivyo kiasi kinachotozwa kodi ni shilingi 360,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi, na kinachozidi hapo hadi shilingi 520,000 hutozwa asilimia 8. Asilimia 8 ya shilingi 90,000 ni shilingi 7,200. Katibu ataondoka na shilingi 352,800.

Kwa upande wa usharika hesabu haijaisha. Kuna mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5 ya mshahara kwa waajiri wa sekta binafsi. Huo ni mzigo wa mwajiri peke yake. Mwajiriwa hakatwi hata senti. Kwa katibu wetu ni shilingi 2,000. Jumla, ajira hii huugharimu usharika shilingi 442,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 5,304,000 kwa mwaka.

Hapa ndipo chanzo cha madeni mengi. Mhazini anapoandaa bajeti huzidisha 400,000 kwa 12, akapata 4,800,000, akaipeleka kwenye baraza la wazee ikapitishwa. Upungufu wa shilingi 504,000 umezaliwa siku hiyo hiyo bila mtu yeyote kuiba. Ukiwa na waajiriwa wanne, upungufu unazidi. Kufikia Agosti fedha hazitoshi. Mshahara haulaliki kwa kuwa katibu anaonekana kila asubuhi, lakini mchango hauna wa kuudai mlangoni. Basi unaahirishwa "mpaka baada ya mavuno". Baada ya mavuno kuna paa la kanisa.

Tozo ya kuendeleza ufundi stadi haiugusi usharika huu, kwa kuwa waajiriwa wake hawafiki kumi. Na sheria husamehe taasisi za dini kwa waajiriwa ambao kazi yao pekee ni kuhudumia mahali pa ibada au kutoa mafundisho ya dini. Msamaha huo usichanganywe na kodi ya mshahara. Nafuu yoyote ambayo kanisa linayo kwa mapato yake haiondoi wajibu wa kukata kodi ya mwajiriwa na kuiwasilisha kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Bima ya afya nayo iwekewe fungu lake tangu mwanzo wa mwaka. Tumeona mara nyingi mno kapu likipitishwa ibadani kumchangia mtumishi aliyelazwa, jambo la upendo, lakini si mpango.

Miezi sita

Pensheni ya uzeeni ya kila mwezi hupatikana kwa mwanachama aliyetimiza umri wa kustaafu, yaani miaka 60 kwa lazima au 55 kwa hiari, na aliyechangia miezi isiyopungua 180. Sasa tufikirie mlinzi aliyeanza kazi akiwa na miaka 43 na kustaafu akiwa na miaka 60. Amefanya kazi miezi 204. Alikatwa fedha kila mwezi na hati yake ya mshahara inaonyesha hivyo. Lakini katika miaka ile ya ujenzi wa kanisa jipya, michango ya miezi 30 haikuwasilishwa. Kwenye kumbukumbu za Mfuko anayo miezi 174.

Amepungukiwa miezi sita. Badala ya pensheni ya kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake, atalipwa mafao ya mkupuo mara moja, na pengine fedha hizo zitamalizika kabla paa lile jipya halijapakwa rangi mara ya pili. Kama mshahara wake ulikuwa 400,000, michango iliyokwama ni shilingi 2,400,000 kabla ya tozo ya adhabu. Nusu yake ilikuwa fedha yake mwenyewe, iliyokwisha kukatwa.

Hatuoni jina jingine la kuita kitendo cha kumkata mtu mchango na kuutumia kununulia saruji, hata kama saruji ilikuwa ya madhabahu. Kisheria ni kosa, na deni ni la mwajiri kwa Mfuko. Mwajiriwa asikubali kuambiwa "tutalimaliza kifamilia" bila maandishi. Michango ikiwasilishwa, hata kwa kuchelewa, huingia katika kumbukumbu zake; ndiyo maana inafaa kugundua pengo akiwa na miaka 50 kuliko 60. Taarifa ya michango hupatikana bila malipo katika ofisi za NSSF au kwa njia ya simu. Tunashauri iangaliwe kila baada ya miezi mitatu na kulinganishwa na hati za mshahara, mwezi kwa mwezi.

Kapu, daftari na benki

Muumini ana njia zake za kuzuia hali hii kabla haijafika. Sadaka ihesabiwe siku ile ile na watu wasiopungua wawili wasio ndugu, ambao hubadilishwa kila mara, na wote waweke saini kwenye fomu ya hesabu. Fedha yote ipelekwe benki kama ilivyo. Desturi ya kuchomoa kwenye kapu nauli ya mgeni, mafuta ya jenereta na posho ya mlinzi kabla ya kuhesabu ndiyo inayofanya mlinzi huyo asiwe na kumbukumbu yoyote ya malipo. Namba ya kulipia kwa simu iwe kwa jina la kanisa, si la mhazini, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Na anayeandika daftari asiwe yule yule anayesaini hundi.

Fedha iliyotolewa kwa kusudi maalumu, kama jengo au mnada wa mazao uliotangazwa kuwa wa vyombo vya kwaya, iwe na daftari lake. Kinyume chake pia ni kweli, na husahaulika: michango ya hifadhi ya jamii si akiba ya kuazima. Kwa usharika wa wakulima, ambako sadaka hujaa wakati wa mavuno na kukauka miezi ya kupalilia, akiba ya mishahara na michango ya miezi mitatu itengwe mavunoni, kabla ya kupanga lingine lolote.

Katika mkutano mkuu wa mwaka, muumini aombe kuonyeshwa risiti ya mwezi wa mwisho ya NSSF na ya WCF. Swali hili halimtuhumu mtu. Mhazini mwenye risiti hulijibu kwa dakika moja.

Mambo mengine ya haki

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa mkataba wa maandishi, likizo ya mwaka ya siku 28, na likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi, mwajiri akimwachisha kazi pasipo kosa la kinidhamu, anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa kikomo cha miaka kumi. Kiinua mgongo hicho ni kando na mafao ya NSSF. Kimoja hakifuti kingine.

Mgogoro ukishindikana kumalizwa kwa mazungumzo, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yawasilishwe ndani ya siku 30. Migogoro mingine ndani ya siku 60. Angalizo moja ambalo limewagharimu wengi: usharika wenyewe kwa kawaida si mtu kisheria. Mali na mikataba huwa chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, na mara nyingi bodi hiyo ni ya dayosisi au ya kanisa zima. Shauri likifunguliwa kwa jina la usharika linaweza kutupwa kwa kasoro hiyo tu, huku siku zikiendelea kuhesabika. Kabla ya kujaza fomu, ulizia jina kamili la wadhamini kama lilivyo kwenye hati ya usajili, kisha uende na mkataba au barua ya ajira, hati za mshahara ulizonazo, na taarifa ya michango iliyogongwa muhuri wa Mfuko. Asiye na mkataba aende na daftari la zamu, ujumbe wa malipo kwenye simu, au shahidi aliyekuwa akimwona kazini.