Kikao cha Saa Tatu Kimeenda Wapi?

Ofisi imehamia mfumo mpya wa kalenda. Jumatatu unafungua kompyuta na kukuta kikao cha saa tatu asubuhi kimeandikwa 6:00. Kabla ya kumpigia kelele fundi, hesabu pengo: kutoka 9:00 hadi 6:00 ni saa tatu kamili. Pengo hilo lina asili yake.

Tuanze na jua. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. Afrika Mashariki hufuata saa za mstari wa nyuzi 45 mashariki, kwa hiyo tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya rejea ya dunia nzima. Waswahili hatuna haja ya kushangaa hapa. Mwenzetu husema 9:00, sisi twasema saa tatu, na bado tunakutana mlangoni pamoja, maana kila mmoja anajua mwenzake ameanzia wapi kuhesabu.

Kompyuta hujua hilo ikiambiwa tu. Faili la .ics, linalotumika sana kuhamisha kalenda, laweza kuandika kikao hicho hivi: 20250310T060000Z. Mwaka, mwezi, siku, kisha saa. Z ya mwisho ndiyo UTC. Kikao hakijapotea hata dakika moja. Kalenda mpya haijui tu kwamba uko Dar es Salaam, basi inakusomea 6:00 kama ilivyo.

Kosa wanalofanya wengi ni kukivuta kikao kwa mkono hadi 9:00. Siku mtu atakaporekebisha mipangilio, kitaruka hadi saa sita mchana. Rekebisha ukanda wa saa kwanza: Africa/Dar_es_Salaam, au Africa/Nairobi, ambao saa zake ni zilezile.

Vikao vinavyojirudia ni vigumu zaidi. Chukua kikao cha kila wiki na wenzenu wa London, saa 11:00 kwao. Wakati wa baridi ni saa nane mchana kwetu. Jumapili ya mwisho ya Machi wao husogeza saa mbele, nacho kinakuwa saa saba, hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kikihamishwa kwa UTC pekee, jina la London likaachwa, kitaganda saa nane, nao watasubiri peke yao. Kikao cha namna hiyo kifungwe kwenye Europe/London.

Halafu sikukuu. Desemba 9 ni tarehe, haina saa wala ukanda. Mfumo ukiigeuza kuwa "kuanzia usiku wa manane", kwa UTC itaanza 21:00 ya Desemba 8. Ukiikuta imelala juu ya siku mbili, ifute, uiandike upya kwa kuchagua "siku nzima".