Somo la Engaruka: Kijiji cha Mlimani Kilicholima Miaka 300, na Jaruba Lako la Mbuchi

 

Wiki hii naacha kidogo bei ya mpunga na mambo ya viuatilifu. Nataka tutembelee kijiji cha kale kilichojengwa ubavuni mwa mlima, mbali na sisi, kule Engaruka wilayani Monduli, mkoa wa Arusha. Nilifika huko nikazunguka kwa miguu na mwongoza wageni wa pale kijijini. Niliporudi Mbuchi kijana mmoja akaniuliza: "Afisa, magofu ya mawe yanatuhusu nini sisi watu wa mpunga na mikoko?" Swali zuri. Somo lote la leo ni jibu lake.

Engaruka ni wapi na kuna nini

Ukitoka Mto wa Mbu ukashika barabara ya Ziwa Natron, unakwenda kama kilomita 60 hivi. Kushoto kwako kuna ukuta mrefu wa Bonde la Ufa, kulia tambarare kavu yenye vumbi. Mvua ya pale haizidi milimita 400 hivi kwa mwaka, yaani hata nusu ya mvua yetu ya pwani haifiki. Kwa macho ya mkulima ungesema hapa pa mbuzi tu.

Sasa panda kidogo kwenye mteremko. Unaanza kuona ngazi za mawe, moja juu ya nyingine. Kila ngazi ni kiwanja cha nyumba kilichosawazishwa kwa ukuta wa mawe makavu, bila saruji wala udongo wa kuungia. Nyumba zenyewe zilikuwa za miti na nyasi, zimeoza zamani. Vimebaki viwanja, kuta na vijia vya kupita. Vijiji vya namna hiyo viko saba, vimejipanga ubavuni mwa mlima juu ya mashamba.

Ufundi wa kupanga mawe makavu upo sehemu nyingi duniani. Kule Ufaransa vipo vijiji vya mlimani kama Gordes ambavyo watalii hulipa nauli ya ndege kwenda kuvipiga picha, na mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ufundi huo wa nchi kadhaa za Ulaya kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wetu uko Monduli, na Watanzania wengi hawajawahi kuusikia.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za magofu haya alikuwa Mjerumani Gustav Fischer, mwaka 1883. Louis Leakey alifika 1935 akakisia kwamba waliishi watu zaidi ya 30,000. Watafiti waliofuata, kama John Sutton, waliishusha hesabu hiyo hadi maelfu machache. Wanachokubaliana ni kwamba watu waliishi na kulima pale kuanzia karibu karne ya 15 hadi ya 18. Miaka 300 hivi, sehemu ileile, kwenye ukame ule.

Wewe jiulize: jaruba lako la sasa umelilima misimu mingapi? Na una uhakika wa misimu mingapi mbele?

Walilima vipi

Chini ya vijiji kuna mashamba. Hapa ndo nilikaa muda mrefu, maana vijiji ni vya kutazama lakini mashamba ni ya kusoma. Eneo lake ni kama hekta 2,000. Limegawanywa vipande vidogo vidogo kwa mistari ya mawe, na kila kipande kimesawazishwa. Ukisimama juu yake unaona majaruba kabisa, tofauti ni kwamba kingo ni za mawe. Zao kubwa lilikuwa mtama, na punje zake zilizoungua zimepatikana kwenye uchimbaji.

Mambo matatu niliyaandika kwenye daftari.

La kwanza, maji. Vijito vinavyoshuka kutoka ukutani vilikingwa, maji yakaelekezwa kwenye mifereji iliyofuata kontua, taratibu, bila kukimbia na kukata udongo. Mfereji mkuu ukagawa mifereji midogo, mdogo ukaingia kipandeni. Hawakuwa na pampu. Walitumia mteremko, basi.

La pili, udongo. Uchimbaji wa miaka ya 2000, aliousimamia mtafiti Daryl Stump, ulionyesha kwamba sehemu ya mashamba yale haikulimwa kwenye udongo uliokuwepo. Udongo wenyewe ulijengwa. Waliweka mistari ya mawe, maji yenye tope yakapita, tope likatuama, udongo ukapanda tabaka kwa tabaka. Yaani walivuna udongo kwanza, ndipo wakavuna mtama.

La tatu, mbolea. Ndani ya eneo la mashamba kuna mizunguko ya mawe ambayo watafiti wengi wanaitafsiri kuwa mazizi, na mifupa ya ng'ombe na mbuzi imepatikana. Ukiwa na mifugo iliyofungiwa katikati ya mashamba, samadi haisafiri mbali. Ndo njia inayoeleza vizuri zaidi udongo ule uliwezaje kulimwa vizazi vingi bila kuchoka mapema.

Kwa nini waliondoka

Hapa nataka usome polepole.

Hakuna jibu moja. Wapo wanaosema vijito vilipungua: mto Engaruka bado unatiririka mwaka mzima, lakini mifereji mingi ya kale inaanzia kwenye makorongo ambayo leo ni makavu au yana maji msimu wa mvua tu. Wapo wanaosema udongo ulichoka. Wapo wanaotaja shinikizo la wafugaji waliokuwa wakienea tambarare. Inawezekana yote yalikutana.

Mimi kama mtu wa ugani naona jambo moja kwenye maelezo yote hayo. Kijiji kizima kilisimama juu ya mguu mmoja, yaani maji ya juu. Wanaoishi chini ya mto hawaamui kinachotokea huko juu. Mguu ukitikisika, hata ufundi wa miaka 300 hauwezi kukushikilia.

Sio mbali na pale, wilaya ya Ngorongoro, wapo Wasonjo, wenyewe wakijiita Batemi. Nao vijiji vyao viko kwenye vilima na mashamba yao ni ya mifereji, na bado wanalima. Kwao maji yana wenyewe: baraza la wazee wanaoitwa *wenamiji*, wanaopanga nani anafungulia maji, saa ngapi, kwa muda gani. Mwizi wa maji anatozwa faini. Kwenye umwagiliaji mfereji ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni makubaliano.

Sasa turudi Mbuchi

Sisi hatuko mlimani. Tuko chini kabisa, pale Rufiji inapokutana na bahari. Lakini mguu wetu ni uleule: maji ya juu. Maji matamu ya mto ndiyo yanayosukuma chumvi irudi baharini. Yakipungua kwa wakati usiofaa, bamvua linaingia mpaka jarubani. Yakizidi, tunaona yale ya Aprili 2024, mafuriko yaliyosomba mashamba Rufiji na Kibiti.

Na huko juu mambo yamebadilika. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Silisemi bwawa kwa ubaya, umeme tunauhitaji wote. Ninachosema ni kwamba kalenda ya maji aliyokufundisha babu, ya kusoma mto kwa rangi na kwa mwezi, ilitengenezwa kabla ya bwawa. Na tope lililokuwa likija bure na mafuriko, sehemu yake sasa hutuama bwawani. Tope lile ndilo mbolea iliyolilisha bonde letu tangu enzi.

Wengi mna jibu la haraka: "Hapa pakichoka tunafyeka mikoko tunafungua pengine." Hapana, mdogo wangu. Kwanza mikoko yote ni hifadhi ya serikali, chini ya TFS, kufyeka ni kesi. Pili, hata bila kesi, udongo wa mikoko una madini ya kiberiti. Ukiukausha, hewa inaingia, kiberiti kinageuka asidi. Utavuna msimu wa kwanza na wa pili, halafu mpunga unadumaa na hujui kwa nini. Tatu, mikoko ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi. Ukiiondoa umeikaribisha bahari shambani kwa mkono wako.

Kwa hiyo kazi ni kulitunza jaruba ulilonalo.

Hasara ya chumvi kwa hesabu

Mpunga unaanza kuumia chumvi ya udongo ikipita 3 dS/m kwa kipimo cha maabara. Baada ya hapo, kila kipimo kimoja kinachoongezeka hula takriban asilimia 12 ya mavuno. Chukulia ekari yako ina uwezo wa kukupa gunia 20. Udongo ukifika 5 dS/m umepoteza asilimia 24, karibu gunia 5. Bei ya gunia unaijua wewe, zidisha mwenyewe. Na hutaona kitu cha ajabu shambani, mpunga utakuwa mfupi kidogo, wenye mapepe mengi, utasingizia mbegu.

Fanya haya kuanzia msimu huu

1. *Pima maji kabla ya kuyaingiza.* Kikundi cha watu kumi mnaweza kuchangia kipimo kimoja cha mkono cha chumvi. Maji yakisoma chini ya 0.7 dS/m ni salama. Kati ya 0.7 na 3, tumia kwa tahadhari. Zaidi ya 3, funga mlango. Kama kipimo bado, usifungulie wakati wa bamvua, na chota maji ya juu ya mto, maana maji ya chumvi ni mazito na mara nyingi hukaa chini.

2. *Imarisha kingo na uweke mlango.* Watu wa Engaruka walikuwa na mawe, sisi tuna udongo wa mfinyanzi. Kingo pana iliyoshindiliwa, yenye mlango wa ubao unaofungwa maji yakijaa na kufunguliwa yakipwa, ndiyo ukuta wako. Ziba matundu ya kaa kila wiki, usisubiri yatoboke.

3. *Osha shamba.* Mto ukiwa umejaa maji matamu wakati wa masika, jaza jaruba, acha siku kadhaa, toa maji yote yakipwa. Rudia. Chumvi haifi, inaondoka na maji tu.

4. *Linda miche.* Mpunga ni dhaifu zaidi kwenye chumvi ukiwa mchanga na unapokaribia kuchanua. Kuzia kitalu sehemu yenye maji matamu, pandikiza miche ya siku 25 hadi 30, iliyokomaa kidogo. Inastahimili chumvi na kaa hawaikati kirahisi. Kwa majaruba yenye chumvi ulizia mbegu za SATO, zilizoandaliwa kwa ajili ya udongo wa namna hiyo.

5. *Rudisha ulichochukua.* Usichome mabua. Yaache yaoze jarubani. Kama una mbuzi au kuku, samadi ile ni mali, usiiache nyuma ya banda.

6. *Usisimame kwa mguu mmoja.* Mpunga ubaki mguu mkuu, lakini kama familia ina kipande cha nchi kavu huko juu, weka korosho au ufuta. Ufuta usiuletee kwenye udongo wa chumvi wala maji yaliyotuama, utakufa. Huku deltani, kunenepesha kaa kwenye vizimba bila kukata mikoko ni biashara inayokwenda na bahari badala ya kupigana nayo.

7. *Mkubaliane.* Kingo yako inategemea ya jirani. Akiacha tundu, chumvi inaingia kwake na kwako. Kaeni watu wa mfereji mmoja, andikeni zamu za kufungua mlango, zamu za kuziba, na faini.

8. *Andika.* Tarehe ya kufungulia maji, kipimo cha chumvi, siku ya kupandikiza, gunia ulizovuna. Wa Engaruka hawakuacha maandishi, ndo maana leo tunabishana waliondoka kwa nini. Misimu mitatu ya daftari itakuonyesha kama shamba lako linapanda au linashuka, mapema, ukiwa bado na nafasi ya kufanya kitu.

Kazi ya nyumbani

Kabla ya wiki ijayo zungukeni kingo zenu zote kwa miguu, maji yakiwa yamejaa siku za bamvua. Hesabu matundu na sehemu zinazovuja. Kama una dungu shambani, chora ramani ndogo uibandike ndani yake. Wanaotaka kupeleka udongo maabara, nitakusanya sampuli za kikundi tuzipeleke pamoja. Chota sehemu tano tofauti za jaruba, kina cha sentimita 20, changanya, kausha kivulini, leta nusu kilo kwenye mfuko safi wenye jina lako na jina la shamba.

Maswali yaleteni kama kawaida, hata yale mnayoona ni ya kijinga. Somo lijalo tutachukua hiyo ramani ya kingo na kuanza kupiga gharama za mlango wa ubao, kuanzia mbao hadi misumari.