Gari Likifika Dar, Bado Halijafika Zinga

Haya, wadogo zangu wa Zinga, Kerege na Mapinga, leo tuongee magari, maana naona siku hizi kila mwenye simu anachagua IST ya Japani akiwa kibarazani kwake. Mnauliza: nikishailipa kampuni inayosafirisha, nitegemee nini? Dada anawajibu bila kuzunguka. Tegemea gari kufikishwa gatini Dar es Salaam, basi. Ukilipa kwa CIF umelipia gari, bima ya baharini na nauli ya meli. Ukilipa kwa FOB, hata hiyo nauli bado hujailipa. Kutoka gatini mpaka uani kwako kuna watu wengine na fedha nyingine.

Na msinitajie bandari ya Mbegani, ile iliyopangwa kujengwa hapa karibu. Mkataba wa awali na Wachina ulisainiwa 2013, ukakwama 2019, na watu wa huku tumeshauzungumza mpaka tumechoka. Gari lako litashukia Dar.

Sasa kodi, maana hapa ndipo ninyi wengi mnapoumia. TRA haiangalii risiti yako peke yake. Ina mfumo wake wa thamani za magari yaliyotumika, uko kwenye tovuti yao, na kuutazama ni bure. Utazame kabla hujatuma hata senti. Chukua gari la injini ya sisi 1,500 lililopita miaka 10, thamani ya forodha tuseme shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, hapo milioni mbili na nusu. Juu ya hiyo jumla kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5, halafu asilimia 30 nyingine kwa sababu ya uzee wa gari. Mwisho VAT asilimia 18 juu ya mkusanyiko wote. Ukijumlisha unapata karibu milioni 10 ya kodi, na bado kuna tozo ndogondogo. Yaani umenunua gari mara mbili. Viwango huguswa kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo piga hesabu ya mwaka unaonunua, usitumie ya jirani aliyeagiza zamani.

Meli kutoka Yokohama au Nagoya huchukua mwezi, mwezi na nusu. Muda huo si wa kukaa tu. Hakikisha una TIN, na jina lililo kwenye TIN liwe ndilo lililo kwenye BL, yaani hati ya mzigo wa meli, herufi kwa herufi. Herufi moja ikipishana mnaanza kusahihisha nyaraka huku gari limelala bandarini, na siku za bure zikiisha kila usiku unalipiwa. Muulizeni muuzaji pia ukaguzi wa TBS unafanyika wapi, Japani au hapa, maana utaratibu umewahi kubadilika; mwaka 2021 waliuhamishia Dar.

Ajenti wa kugomboa mtafute meli ikiwa bado baharini. Awe na leseni ya TRA, na akupe mchanganuo kwa maandishi: kodi kiasi gani, kampuni ya meli kiasi gani, bandari kiasi gani, yeye mwenyewe anachukua ngapi. Anayekwambia "nipe milioni kadhaa nitamaliza kila kitu, dada usijali," huyo ndiye wa kumjali. Kodi ya serikali hulipwa kwa kontro namba, na wewe mwenyewe unaweza kuilipa benki au kwa simu. Hela ya kodi haina haja ya kupitia mfukoni kwa mtu.

Siku ya kulichukua nenda mwenyewe, au mtume anayejua magari. Nenda na karatasi ya mnada wa Japani, ile yenye mchoro wa gari na herufi. A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa. Kama mlango wa kushoto una bonyeo na kwenye mchoro hakuna U, basi limepatikana njiani. Hilo liandikwe kabla hujasaini kupokea, na upige picha palepale. Ukishatoka getini, kampuni ya meli itasema ni bandarini, bandari itasema ni melini, na wewe utabaki na mlango wako. Kagua namba ya chesisi, jeki, spea tairi na redio. Vitu vidogo hivyo ndivyo vinavyopata miguu.

Betri huenda ikawa imelala, na mafuta ni ya kunusa tu. Beba kidumu na waya za kuchaji. Usitoke bila namba za usajili na bima. Barabara ya Bagamoyo ina trafiki wa kutosha, kuanzia Tegeta mpaka Bunju, na hawapokei hadithi. Redio yake ikikataa stesheni zetu nyingi msimlaumu fundi: FM ya Japani inaanzia 76 na kuishia 95, ya kwetu inapanda mpaka 108. Kuna kifaa cha kuongeza masafa, madukani kipo.

Yule aliyeuliza kama kaka yake aliyeko Uingereza, anayemtumia gari kutoka huko, anaweza kumjazia buti viatu na televisheni: mwambie aache. Meli nyingi za magari hazikubali vitu ndani ya gari, vikipotea hakuna wa kumdai, na vikifika, TRA itavihesabu navyo. Hivyo viatu avitume kivyake.