Somo la Robo Mwaka: Nani Anachagua Picha ya Mtaa?

Katika masomo ya ushirikishwaji wa jamii tumezoea kuzungumzia visima, zahanati na madarasa. Safari hii tunageukia jambo ambalo kamati nyingi hudhani haliwahusu: sanamu kwenye kipilefti, mchoro kwenye ukuta wa soko, mnara wa kumbukumbu karibu na stendi. Parokia za mijini huingizwa humo kwa njia nyingi. Pengine ukuta ni wa kanisa, pengine mfadhili ni rafiki wa parokia, pengine manispaa inataka kiongozi wa dini awepo kikaoni. Tatizo ni kwamba mara nyingi huitwa mchoro ukiwa umeshawekwa mezani, akaulizwa tu kama ameupenda. Swali kubwa zaidi, yaani tukumbuke nini na nani aonekane, limekwishajibiwa na wengine.

Tuanze na Dar es Salaam. Wajerumani waliweka pale sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakaiondoa, na mwaka 1927 wakazindua sanamu ya Askari, ambayo bado imesimama Barabara ya Samora, kwa kumbukumbu ya Waafrika waliohudumu katika Vita Kuu ya Kwanza. Wakazi hawakuulizwa, si kwa ile ya kwanza wala kwa ya pili. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, lakini aliyesimama juu ya nguzo ni mwenye bunduki. Wananchi nao waliweka kumbukumbu yao wenyewe bila kamati yoyote: jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, likawa Kariakoo, na hadi leo kila anayekwenda sokoni hulitamka.

Hayo yalikuwa ya wakoloni, mtu atasema. Basi tutazame mfano wa msanii mwenye nia njema. Katika eneo la Bronx, jijini New York, halmashauri ya jiji ilimpa John Ahearn kazi ya kutengeneza sanamu za uwanja ulio mbele ya kituo cha polisi. Ahearn hakuwa mgeni. Aliishi mtaani humo na alikuwa na desturi ya kuchonga sura za majirani zake. Akatengeneza watu watatu wa shaba: kijana na mbwa wake, kijana mwenye mpira na redio kubwa, na msichana aliyevaa viatu vya magurudumu. Vibali vyote vya ofisini vilipatikana. Sanamu zikawekwa mwezi Septemba 1991, na kabla ya wiki kwisha Ahearn mwenyewe aliziondoa, kwa gharama zake.

Wakazi walikuwa wamelalamika. Waliuliza kwa nini hakuonekana mfanyakazi, mwanafunzi aliyehitimu, au mama anayetoka kazini. Wapo wanaosema watu wale hawakuielewa sanaa. Sikubaliani nao. Mbele ya kituo cha polisi, mzazi aliona picha ileile ambayo alihofia polisi tayari wanayo juu ya mtoto wake. Sanamu hizohizo baadaye zilipata nafasi katika bustani ya sanamu kule Queens. Kwa hiyo mada haiwezi kutenganishwa na mahali itakapowekwa, na kuishi na watu si sawa na kuwauliza.

Philadelphia walichukua njia nyingine. Mwaka 1984 jiji hilo lilianzisha mpango wa kupambana na vijana waliochafua kuta kwa rangi, na msanii Jane Golden akaajiriwa kufanya kazi na vijana haohao. Mpango huo ulizaa programu ya michoro ya ukutani ambayo imeacha maelfu ya michoro mjini. Wakazi wanaweza kuomba mchoro wao wenyewe, na mikutano huanza mapema, msanii akiwa bado anasikiliza. Sehemu kubwa ya kazi huchorwa vipande vipande juu ya kitambaa chepesi kinachobandikwa ukutani baadaye. Mtoto, mzee asiyeweza kupanda jukwaa la fundi, hata mfungwa akiwa gerezani, wote huweza kushika brashi.

Njia hiyo ilitumika mwaka 2004 katika kazi iitwayo Healing Walls. Wafungwa wa gereza la Graterford na watu walioumizwa na uhalifu waliitwa kushiriki kazi moja juu ya uponyaji. Mazungumzo yalikuwa magumu, kama mtu yeyote aliyewahi kusuluhisha familia mbili anavyoweza kukisia. Mwisho wake michoro ilikuwa miwili: mmoja wa safari ya walioumizwa, mwingine wa safari ya wafungwa. Hakuna aliyelazimishwa kutia sahihi maumivu ya mwenzake.

Kushirikisha hakumaanishi kila mtu apewe kipande chake cha ukuta. Tukifanya hivyo tutapata ile picha ambayo sote tumeiona: njiwa, mikono inayoshikana, ramani ya nchi na jua linalochomoza, vyote pamoja. Wananchi waseme hadithi. Msanii atafute sura yake. Na wananchi si wajumbe wa kamati peke yao. Mama lishe aliye chini ya ukuta huo, vijana wa bodaboda, na majirani Waislamu wataiona picha hiyo kila siku, kuliko hata paroko.

Wafadhili nao tunawaomba waweke fedha za mikutano ya mwanzo kwenye bajeti, kabla ya fungu la msanii, na wakubali kwamba mada inaweza kubadilika baada ya kuidhinisha andiko la mradi. Mfadhili anayedai kuona mchoro ndipo atoe fedha amekwishachagua mada, hata kama hakukusudia.

Kwa majadiliano katika kamati: Ni tukio gani la mtaa wetu ambalo wazee hulisimulia na watoto hawalijui? Ni nani hupita kila siku mahali tunapofikiria kuweka picha, na tutamkuta saa ngapi ili tumuulize? Je, lipo jambo ambalo wengine wangetaka likumbukwe na sisi tungependelea lisitajwe?