Chungu Baada ya Wageni Kuondoka

Ndugu zangu, mwaka wa 8 Hijria Jaafar bin Abi Talib aliuawa shahidi huko Mu'ta. Inasimuliwa kwamba mkewe, Bi Asmaa bint Umays, alikuwa amekwisha kukanda unga na kuwaogesha watoto habari ilipomfikia. Mtume (s.a.w.) akaagiza watu wa Jaafar wapikiwe, kwani wamefikwa na la kuwashughulisha. Sunna hii tunaijua, ingawa siku hizi mara nyingi mfiwa ndiye anayelisha mtaa mzima.

Lipo la pili, katika Sahihi Bukhari, nalo tunalisahau. Akifa mtu katika jamaa za Bi Aisha (r.a.), wanawake walikusanyika, kisha wakatawanyika, wakabaki jamaa zake na walio karibu naye. Hapo ndipo alipoagiza chungu cha talbina, uji mwepesi wa unga, aghalabu wa shayiri. Ulimiminwa juu ya tharidi, yaani mkate uliomegwa katika mchuzi, akawaambia wale. Alimsikia Mtume akisema kuwa uji huo hutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni.

Tazama wakati wenyewe: wageni wameshaondoka. Kwetu ndio wakati ugomvi wa shamba unapoanza, na sisi wa chuo tumeshapanda basi. Kaa usiku mmoja zaidi. Ami asiyesemezana na baba yako, mmiminie maji anawe, kisha sogeza sinia katikati yao. Mirathi ina mafungu yake katika Sura ya Nisaa, na yatangoja asubuhi.