Maelezo ya Modeli za Hifadhidata: Kwa Nini Huchakaa na Namna ya Kuyaweka Sawa na Programu

Orodha za wanafunzi, mahudhurio, karo na matokeo ya mitihani, ambazo zamani ziliandikwa katika madaftari makubwa ya ofisini, siku hizi huwekwa katika kompyuta. Orodha hizo zikipangwa kwa utaratibu unaoiwezesha mashine kuzitafuta na kuzilinganisha upesi, huitwa hifadhidata. Katika makala haya hatutaeleza namna ya kujenga hifadhidata. Tutaeleza jambo ambalo vitabu vya somo hili hulipita kwa haraka mno, nalo ni maelezo yanayotuambia maana ya kila kilichomo ndani yake, na njia ya kuyafanya maelezo hayo yabaki kuwa ya kweli mwaka hadi mwaka.

Modeli ni nini?

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtaalamu wa hisabati aliyezaliwa Uingereza na kufanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alichapisha makala akipendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali yanayohusiana. Katika jedwali la wanafunzi, kwa mfano, kila mwanafunzi hupewa mstari mmoja, na kila sifa yake, kama vile jina, kidato au tarehe ya kuzaliwa, hupewa safu moja. Jedwali la matokeo halirudii jina la mwanafunzi. Hutaja namba yake tu. Hifadhidata nyingi za leo bado zimejengwa juu ya wazo hilo.

Anayejenga programu ya tovuti hana haja ya kuanza kila kitu upya. Hutumia kiunzi, yaani mkusanyiko wa sehemu zilizokwisha kutengenezwa, kama seremala anunuavyo mbao zilizokwisha kurandwa. Kimojawapo cha viunzi hivyo ni Django, kilichoandikwa kwa lugha ya Python. Kilianzia mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World, katika jimbo la Kansas, Marekani, na kikatolewa kwa watu wote Julai 2005. Jina lake ni la Django Reinhardt, mpiga gitaa wa muziki wa jazi. Kwa hiyo msomaji asijisumbue kutafuta maana nyingine.

Katika Django mtunga programu hachori majedwali moja kwa moja. Huandika modeli, yaani maelezo ya kila jedwali kwa lugha ya programu, katika faili liitwalo models.py. Kiunzi ndicho kinachoigeuza modeli kuwa jedwali. Basi modeli yenyewe tayari ni maelezo ya aina fulani. Inatuambia kwamba kidato ni namba na kwamba jina lisizidi herufi kadhaa. Lakini iko mipaka ya yale ambayo modeli inaweza kutuambia, na hapo ndipo penye tatizo.

Safu moja yenye maana nyingi

Tuseme shule moja ya sekondari nchini Tanzania ilijengewa programu mwaka 2019. Katika modeli ya mwanafunzi mna safu iitwayo hali, inayobeba tarakimu moja tu. Kijitabu kilichokabidhiwa shuleni kilieleza: 1 ni anayesoma, 2 ni aliyehama, 3 ni aliyeacha masomo, 4 ni aliyehitimu. Kijitabu kilikuwa sahihi kabisa siku kilipochapwa.

Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, warudi katika shule za mfumo rasmi. Shule yetu ya mfano ikapata msichana aliyerejea kidato cha tatu. Mtunga programu akaitwa, naye, kwa nia njema, akaongeza tarakimu 5, yaani aliyerejea. Kazi ilikamilika kwa nusu saa. Kijitabu hakikuguswa.

Mwaka uliofuata fundi mwingine aliombwa aandike programu ya kuhesabu wanafunzi wanaohitaji vitabu, viti na kuandikishwa kwa mtihani. Akafungua kijitabu, akasoma kwamba anayesoma ni 1, akaandika programu inayochagua 1 peke yake. Programu haikutoa kosa lolote. Ilitoa orodha safi, iliyopangwa kwa alfabeti, na jina la msichana yule halimo.

Huu ni mfano tu, lakini tuutazame kwa makini. Mashine ilifanya kama ilivyoagizwa, na mafundi wote wawili walijua kazi yao. Kilichokosekana ni uhusiano kati ya kitu na maelezo yake, kwa kuwa viliwekwa mahali pawili, na hapakuwa na chochote cha kulazimisha kimoja kifuate kingine. Maelezo yasiyokuwapo humfanya fundi aulize. Yaliyochakaa humfanya aamini. Ndiyo maana mimi huona hatari zaidi katika hayo ya pili.

Wakati mwingine upungufu huwa upande wa programu. Chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter, kilichorushwa na shirika la NASA la Marekani tarehe 11 Desemba 1998, kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipokuwa kikiwasili kwenye sayari ya Mirihi. Hati ya makubaliano ilitaka msukumo wa injini zake ndogo uandikwe kwa vizio vya metriki, yaani niutoni-sekunde. Programu moja iliyotumika duniani iliutoa kwa vizio vya Kiingereza vinavyotumia ratili, na kizio kimoja cha namna hiyo ni sawa na niutoni-sekunde 4.45 hivi. Chombo kilikusudiwa kupita kilometa 226 juu ya sayari. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba kilishuka hadi kilometa 57 hivi, ndani ya angahewa. Hati ilikuwa sahihi. Namba, kwa upande wake, haibebi kizio chake mgongoni, na hapakuwa na ukaguzi uliolinganisha hati na programu.

Kipi kiandikwe na mashine, kipi na mtu?

Walimu wengi huwaagiza wanafunzi waandike maelezo ya kila safu katika daftari au faili la pembeni. Sioni faida ya desturi hiyo. Majina ya safu, aina zake, na uhusiano wa jedwali moja na jingine ni mambo ambayo mashine inayajua tayari. Mtu akiyanakili kwa mkono anajitengenezea kazi ya kuyanakili tena kila yanapobadilika, na hatayanakili. Codd mwenyewe aliligusa jambo hili. Mwaka 1985, katika kanuni alizotoa za kupimia hifadhidata, ya nne ilitaka maelezo ya hifadhidata yahifadhiwe ndani yake yenyewe na yaulizwe kwa njia ile ile zinavyoulizwa data nyingine.

Kwa hiyo yale ya mashine yaachiwe mashine. Django ina sehemu iitwayo admindocs, inayosoma modeli zilivyo na kutoa ukurasa unaoonyesha safu zote za kila modeli. Kiongezo kiitwacho django-extensions kina amri ya graph_models, inayochora majedwali na mistari ya uhusiano wake. Mchoro wa namna hiyo hutengenezwa upya wakati wowote, tofauti na ule uliobandikwa ukutani tangu mradi ulipozinduliwa. Na mtu akirithi hifadhidata ya zamani isiyo na modeli, amri ya inspectdb humwandikia modeli za kuanzia, ingawa hana budi kuzikagua kwa mkono.

Yanabaki yale ambayo mashine haiwezi kuyajua kamwe: maana, kizio, na sababu. Haya huandikwa na mtu, lakini yaandikwe pale pale kwenye modeli. Kila safu katika Django hupokea maelezo yaitwayo help_text, nayo huonekana kwa karani anayejaza fomu na pia katika kurasa za admindocs. Kwa mfano:

help_text="Uzito kwa kilogramu, mwanafunzi akiwa hana viatu"

Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko ukurasa mzima unaosema kwamba safu ya uzito huhifadhi uzito. Kadhalika, kuandika kwamba safu ya jina ni jina la mwanafunzi ni kupoteza wino. Andika kama ni jina la cheti cha kuzaliwa au lile lililoandikishwa kwa mtihani, kwani hayo mawili hutofautiana mara nyingi.

Tangu toleo la 4.2, la mwaka 2023, ipo pia db_comment. Maelezo yake huingizwa ndani ya hifadhidata yenyewe, yakasomwa hata na mtu asiyepitia Django. Hufanya kazi katika PostgreSQL, MySQL, MariaDB na Oracle, ila si katika SQLite, ambayo ndiyo hutumiwa na wanafunzi wengi wanaoanza. Na tarakimu kama zile za hali zisiachwe uchi. Tangu toleo la 3.0, la mwaka 2019, kila tarakimu yaweza kuandikwa pamoja na jina lake mahali pamoja katika modeli, na programu ya kuhesabu ikatumia jina badala ya tarakimu. Hata hivyo jina peke yake lisingemwokoa yule msichana. Ilipaswa pia iandikwe kwamba aliyerejea huhesabiwa miongoni mwa wanaosoma.

Ukaguzi

Nia njema huchoka, hasa mwisho wa muhula. Yafaa basi mashine ipewe kazi ya kukumbusha. Tangu toleo la 1.7, la mwaka 2014, Django huweka kumbukumbu ya kila badiliko la modeli katika faili la pekee, na faili hilo huandikwa tarehe lilipotengenezwa. Hata help_text ikibadilishwa, faili jipya hutakiwa, ijapokuwa jedwali lenyewe halikubadilika. Wapo wanaokerwa na tabia hiyo. Kwangu mimi ni msaada, maana historia ya maana ya neno huhifadhiwa pamoja na historia ya jedwali. Amri ya makemigrations ikipewa kiambatisho --check hukataa kupita endapo modeli imebadilika na faili la badiliko halijaandikwa.

Ukaguzi wa pili hujiandikia mwenyewe. Kila modeli ina orodha ya safu zake, ipatikanayo kwa _meta.fields. Andika jaribio fupi linaloipitia orodha hiyo na kushindwa likikuta safu isiyo na help_text, ukiiruhusu ile safu ya id ambayo kiunzi huiongeza chenyewe. Jaribio hilo litajua kwamba maelezo hayapo. Halitajua kwamba ni ya uongo. Hilo la pili huhitaji jicho la mtu wa pili, na afadhali awe mtumiaji wa data, kama mwalimu wa taaluma au karani, kuliko fundi mwenzake.

Zoezi kwa wanafunzi

Chukueni daftari la mahudhurio la darasa lenu na mwandike modeli yake, kwenye kompyuta au kwenye karatasi. Kwa kila safu andikeni sentensi moja ambayo jina la safu halikuisema. Kisha mpeni mwanafunzi wa darasa jingine modeli hiyo bila maelezo ya mdomo, naye ajaze siku tatu za mahudhurio, ikiwamo siku ambayo mwanafunzi mmoja alichelewa na mwingine alitumwa nje ya shule kwa kazi ya mwalimu. Linganisheni alichojaza na mlichokusudia. Pale mnapotofautiana, amueni kwanza kama panapohitaji kurekebishwa ni maelezo au ni modeli yenyewe.